Namna nilivyolitoa wazo langu barazani likachambuliwa

Kwa muda wa miezi minane nililificha wazo langu. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya kompyuta huko Tunguu, na kila usiku wenzangu walipolala nilikuwa naandika programu ya simu ambayo niliamini ingewakomboa wakulima wa mwani wa Pemba: mkulima angefungua simu yake, akaona bei ya mwani mkavu katika kila kijiji, kisha akachagua pa kuuza. Sikumwambia mtu. Nilihofu kwamba nikilitamka tu, mwenye fedha zaidi yangu atalichukua na kunitangulia. Naandika jinsi nilivyotoka katika uficho huo kwa sababu vijana wengi wa visiwa vyetu wenye ndoto ya kuanzisha kampuni za teknolojia wamo humo bado, na naujua uchungu wa miezi iliyopotea hivyo.

Mwani wa biashara ulianza kulimwa kwetu Zanzibar mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani kisiwani Unguja, ukaenea hadi Pemba, na wakulima wake wengi mno ni wanawake. Shangazi yangu wa Micheweni ni mmoja wao. Ndiye niliyekuwa namfikiria kila nilipoandika mstari wa programu ile, lakini sikuwa nimemuuliza neno hata moja kuhusu namna anavyouza.

Nilipomaliza masomo nilirudi Wete, na hapo ndipo nilipokutana tena na watu ambao sasa nawaita wenzangu wa baraza: mwalimu wa hisabati wa skuli ya sekondari, fundi simu mwenye kibanda karibu na soko, mama mmoja anayenunua dagaa kwa wavuvi, akawachemsha, akawaanika na kuwauza, na kijana mwingine aliyesoma kompyuta kama mimi. Kila Alhamisi baada ya sala ya Isha tulikuwa tunakaa barazani kwa mwalimu tukinywa kahawa. Usiku mmoja nilikusanya moyo, nikaifungua programu yangu mbele yao na kuieleza tangu mwanzo hadi mwisho.

Walinisifu. Walisema Mashaallah, wakaniombea kheri, wakaniambia niendelee. Kwetu mtu akikuonyesha kazi ya mikono yake adabu ni kuisifu, na waliitimiza adabu hiyo kwa moyo safi. Nilirudi nyumbani nimefurahi, na ilinichukua siku mbili kutambua kwamba sikurudi na kitu chochote cha kunisaidia, isipokuwa swali moja alilouliza fundi simu wakati wengine wanaaga: “Kinamama wa Micheweni huniletea simu ndogo za vitufe niwabadilishie betri. Simu janja wanazoniletea ni za watoto wao. Sasa hiyo programu yako, ndugu yangu, ataifungua nani?”

Swali lile liliniumiza, lakini nililipima kwa kulinganisha na sifa zote za usiku ule nikaona ndilo pekee lenye uzito. Fundi hakukisia. Alisema jambo ambalo mikono yake imeligusa mezani kwake kwa miaka. Alhamisi iliyofuata niliwaomba wenzangu tubadilishe namna ya kukaa. Nilipendekeza kwamba mwenye wazo alieleze kwa dakika kumi, na aanze na pale anapoliona dhaifu, si pale linapong'aa. Kisha anyamaze kabisa kwa nusu saa, ameshika kalamu, huku wengine wakilijadili kama vile hayupo. Mchambuzi naye asiseme “nadhani watu watapenda” wala “nadhani hawatapenda”, bali aseme alichokiona au alichokifanya mwenyewe. Kunyamaza ndiko kulikotushinda zaidi. Mtu akisikia kazi yake inaeleweka vibaya hutaka kurukia na kuifafanua, na hapo uchambuzi hugeuka mabishano. Mwalimu ndiye aliyetuonyesha kwamba kama watu wanne werevu wamelielewa wazo vibaya baada ya kuelezwa kwa dakika kumi, hilo lenyewe ni la kuandikwa.

Kuhusu hofu ya kuibiwa, mwalimu alinieleza habari ambayo sikuwa naijua vizuri. M-Pesa ilizinduliwa Kenya mwezi wa Machi 2007, lakini majaribio yake yalianza mwaka 2005 yakiwa na lengo jingine: kuwawezesha waliokopa mikopo midogo kulipa marejesho kwa simu. Watu waliopewa simu za majaribio wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao, na wasimamizi wakawafuata walikoelekea. Isitoshe, wazo la fedha ndani ya simu halikuwa siri ya mtu, kwani Ufilipino walikuwa na G-Cash tangu mwaka 2004. Aliniuliza kama kweli naamini kwamba kujua tu kuwa wakulima wa mwani wanahitaji bei kungemtosha mgeni kujenga biashara Micheweni, asikojua hata njia ya kwenda pwani. Sikuwa na jibu, na tangu usiku huo sikuficha tena.

Hata hivyo kuchambua wazo la mwenzako ni kazi yenye hatari yake, na mimi niliikosea. Yule kijana mwenzangu alileta wazo la programu ya kufuatilia mizigo inayotoka Unguja kwa boti hadi bandari ya Mkoani na kusafirishwa kwa gari hadi Chake Chake na Wete. Nilikuwa nimejeruhiwa na uchambuzi wa kazi yangu, nikadhani ukali ndio uaminifu. Nilimwambia mbele ya wote kwamba hakuna atakayelipia programu ilhali mizigo yetu hubebwa na watu tunaojuana. Jambo lenyewe lilikuwa na ukweli ndani yake, lakini nililisema kwa namna ya kumfunga mdomo. Hakuja barazani kwa wiki tatu. Nilimfuata kwao, nikamwomba radhi, na katika mazungumzo yale akanieleza kwamba mzigo wa dawa za mama yake uliwahi kukaa Mkoani siku mbili bila mtu kujua. Kama ningemuuliza habari hiyo kwanza, baraza lote lingefaidika. Sasa nimejizoeza kuuliza wazo lilitoka katika tukio gani kabla sijasema lina kasoro gani, na mara nyingi tukio lina thamani kuliko programu iliyobuniwa kutokana nalo.

Kazi niliyopewa na baraza ilikuwa kwenda kwa shangazi bila simu yangu ya maonyesho, nikiwa na daftari tu. Nilikwenda wakati wa bamvua, siku ambazo maji hupwa sana, kwa sababu maji yakiwa mafu bahari haikupwi vya kutosha kufika shambani. Nilimsaidia kufunga mbegu kwenye kamba kwa taitai, yaani vikamba vyembamba vya kufungia, nikabeba magunia ya mwani mbichi hadi pa kuanikia, na tulipopumzika ndipo nilipomuuliza kwa nini hauzi mahali penye bei nzuri zaidi. Alinitazama kwa huruma. “Mwanangu, bei za huko tunazijua. Mtu akitoka kijiji cha pili hutuambia kabla jua halijachwa. Lakini kamba hizi kanipa mnunuzi wetu, na taitai kanipa yeye. Nikimuuzia mwingine, safari ijayo nitafunga mwani kwa nini?”

Kwa maneno hayo machache miezi yangu minane ilikwisha. Bei haikuwa imefichika kwa wakulima. Kilichowazuia kuifuata ni kwamba zana za kazi hazikuwa zao. Programu yoyote ya bei, hata ingewekwa katika menyu inayofunguliwa kwa nyota na alama ya reli ili ifanye kazi kwenye simu ya vitufe, isingefungua fundo hilo.

Nilikaa naye siku tatu zaidi, nikimuuliza mambo aliyoyafanya badala ya mambo ambayo angependa. Nilipotaka kujua mara ya mwisho aliuza kilo ngapi, aliniletea mkebe wenye vikaratasi vilivyoharibiwa na maji ya chumvi, vingine havisomeki. Mwani huvunwa baada ya wiki sita hivi, na kilo saba au zaidi za mwani mbichi zikikauka hutoa kilo moja tu. Kwa hiyo mkulima asiye na kumbukumbu za maandishi akipata kilo pungufu hawezi kujua kama upungufu umetokana na mvua iliyonyeshea mwani ulioanikwa, ugonjwa wa mwani uliotokana na maji kuwa na joto, au mizani. Pia, kikundi chao cha hisa kiliwahi kuomba mkopo wa kununua kamba zao wenyewe, wakatakiwa waonyeshe mapato yao, wakakosa cha kuonyesha. Hapo nikaona kwamba kumbukumbu na kamba ni jambo moja: wakiweza kuthibitisha mapato, huenda wakapata zana, na wakipata zana, bei wanazozijua zitawafaa.

Nilirudi barazani na wazo la daftari la mauzo. Nilitaka kuanza kuandika programu usiku ule ule. Fundi simu alinizuia, na mwalimu akanikumbusha habari ya Nick Swinmurn, mwanzilishi wa Zappos ya Marekani, ambaye mwaka 1999 alipiga picha viatu vya madukani akaziweka kwenye tovuti, na mteja alipoagiza alirudi dukani akavinunua na kumtumia, ili tu ajue kama watu watanunua viatu bila kuvijaribu. Nami niliambiwa niwe programu mwenyewe kwa miezi mitatu. Kuna jamaa wengine walionishauri nianze kwa kusajili kampuni kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali. Niliona hilo lina wakati wake.

Nilianza na kinamama tisa. Kila bamvua nilikwenda na daftari, nikaandika kilo, tarehe, bei, na hali ya uanikaji, kisha mwisho wa mwezi nikamtumia kila mmoja ujumbe mfupi wa kawaida wenye jumla yake. Nilileta ripoti barazani nikitarajia kuzungumzia kilo. Mama wa dagaa alikwenda pengine kabisa: “Huo ujumbe unaingia katika simu ya nani? Fedha ya mwanamke ni siri yake. Mimi mwenyewe nisingekubali hesabu zangu zipite mikononi mwa watu.” Nilikwenda kuuliza, na kweli, wawili walikuwa wamekwisha kujitoa kimyakimya kwa sababu hiyo, kwani simu zao hushikwa na watu wengine nyumbani, nao waliona haya kuniambia. Niliacha kutuma ujumbe kwa yeyote asiyeutaka, nikawa namsomea hesabu yake peke yake. Wawili wale walirudi. Baadaye mnunuzi mmoja aliomba kuliona daftari, nikakataa, na habari ya kukataa kwangu ilinipatia imani ya kinamama kuliko maelezo yote niliyowahi kutoa.

Sasa daftari lina kinamama kumi na wanne, na kikundi cha hisa kimetumia kurasa zake kuandaa ombi jipya la mkopo wa kamba. Linalosumbua ni malipo. Kikundi kiko tayari kunilipa kiasi kidogo kila mwezi, lakini mwalimu amepiga hesabu akaonyesha kwamba kiasi hicho hakifikii hata nauli yangu ya Wete hadi Micheweni na kurudi. Ili kazi hii iweze kujiendesha lazima ihudumie vikundi vingi kwa safari chache, na hapo ndipo programu itakapohitajika kwa mara ya kwanza, mikononi mwa katibu wa kila kikundi, mwenye simu janja yake.

Alhamisi hii naliweka hilo mbele ya baraza. Katika karatasi yangu, mahali pa kuandika udhaifu, nimeandika hivi: ikiwa katibu anajua kusoma na kuandika na daftari analo, atanilipa kwa lipi? Nina majibu mawili, na sijui lipi litabaki limesimama baada ya nusu saa ya kunyamaza kwangu. Mama wa dagaa ameahidi kuja na katibu mmoja wa kikundi kutoka Kojani, ambaye hanijui na hana sababu ya kunionea haya.