Pemba katika hukumu ya The Hague

Tarehe 12 Oktoba 2021, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyopo The Hague ilitoa hukumu katika kesi ya mpaka wa bahari baina ya Somalia na Kenya. Tanzania haikuwa upande wowote wa kesi hiyo, na Zanzibar, kwa mujibu wa Katiba yetu, isingeweza kuwa. Hata hivyo, ndani ya hukumu limo jina la kisiwa nilichozaliwa. Mahakama ilieleza kwamba pwani ya Somalia, Kenya na Tanzania, ikitazamwa kwa pamoja, imejikunja kwa ndani, na kwamba Pemba, kisiwa kikubwa chenye wakaazi, kinazidi kuibana Kenya iwapo mipaka yake itachorwa kwa mstari wa katikati peke yake, yaani mstari ulio umbali sawa kutoka pwani za pande zote mbili. Kwa ajili hiyo mstari baina ya Somalia na Kenya ukasogezwa kuelekea kaskazini. Kenya ikapata zaidi ya vile ambavyo mstari wa katikati ungeipa, ingawa ilikuwa imedai eneo kubwa zaidi na hatimaye ikaikataa hukumu yenyewe. Wapo majaji ambao hawakuridhika na hoja hiyo ya mkunjo wa pwani, nao wakaandika maoni yao mbali.

Tangu nilipoisoma hukumu hiyo nimekuwa nikijiuliza hoja kama hii huzaliwa wapi. Haikuzaliwa siku ya kesi. Mwaka 1969 mahakama hiyohiyo iliamua mgogoro wa Bahari ya Kaskazini baina ya Ujerumani ya Magharibi kwa upande mmoja na Denmark na Uholanzi kwa upande wa pili, na hapo ndipo mkunjo wa pwani ya Ujerumani ulipopewa uzito. Baada ya hapo wanazuoni wa sheria na wa jiografia wakaifanyia kazi fikra hiyo kwa miongo mitano katika madarasa, makala na tasnifu, wakibishana ni mkunjo wa kiasi gani unaostahili kuhesabiwa na ni visiwa gani vinavyostahili kupuuzwa. Walioitetea Somalia mbele ya majaji walikuwamo maprofesa, akiwemo Alain Pellet wa Paris Nanterre na Philippe Sands wa University College London. Anayedhani kwamba profesa hukaa pembeni akisubiri serikali imwombe ushauri na aitazame orodha ya mawakili wa kesi za mipaka ya bahari.

Watu wengi, hata ndani ya vyuo vyetu, wana picha moja tu ya namna utafiti unavyoingia katika sera za mambo ya nje na ulinzi: mtafiti anaandika ripoti, mwishoni anaweka mapendekezo, ripoti inapelekwa wizarani, inapokelewa kwa shukrani, kisha inawekwa kabatini. Kisha tunalalamika kwamba watawala hawasomi. Naona picha hiyo inaanzia mwisho. Utafiti unaoamua mambo ni ule uliokwishafanywa kabla swali halijaulizwa, kwa sababu siku mgogoro unapozuka hakuna tena muda wa kupima, na kila upande unashika kipimo kilichopo, awe amekipima mwenyewe au amepimiwa na mwingine.

Sisi wa Visiwani tuna historia ndefu ya kupimiwa na wengine. Mwaka 1886 Uingereza, Ujerumani na Ufaransa ziliunda tume iliyopita mwambao kuchunguza utawala wa Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, unafika wapi hasa. Khatima yake ikawa ukanda wa maili kumi kutoka ufukweni, na yote yaliyokuwa nyuma yake yakagawanywa baina ya wakubwa. Mkusanyo wa taarifa ulifanywa, maswali yaliulizwa, ramani zilichorwa, na kwa vipimo vya siku zile huo ulikuwa uchunguzi wa kitaalamu. Tatizo lilikuwa ni nani aliyeuliza na kwa faida ya nani.

Miaka 90 baadaye jambo lilikwenda vingine. Tanzania na Kenya zilikubaliana mpaka wao wa bahari kwa kubadilishana barua, ya kwanza ya Disemba 1975 na ya pili ya Julai 1976. Mtu wa Pemba akizisoma barua zile anajisikia yuko nyumbani, kwa sababu nukta za kupimia zimetajwa kwa majina: Ras Jimbo, Kisiwa cha Kisite na Mpunguti ya Juu upande wa kaskazini, na kwetu Mwamba Wamba, Fundo na mnara wa Ras Kigomasha. Mnara huo wa chuma upo mpaka leo, ukishaupita msitu wa Ngezi na kijiji cha Makangale, na mgeni akiupanda huona Mkondo wa Pemba upande mmoja na bahari kuu upande wa pili. Mpaka wenyewe, baada ya kupinda karibu na visiwa, unakwenda mashariki kwa kufuata latitudo. Kwa hiyo mstari halisi baina yetu na Kenya haufanani na ule mstari wa katikati ambao majaji waliufikiria walipoitaja Pemba. Mahakama ilisema kwamba makubaliano ya Kenya na Tanzania hayawezi kuifunga Somalia, ambayo haikushiriki. Lakini umbo la kisiwa ni jambo la maumbile, na hilo ililitazama.

Ndani ya barua zilezile mna kifungu ambacho kwangu mimi kina thamani kuliko vyote. Kinaruhusu wavuvi wenyeji wa pande zote mbili, wanaovua kwa ajili ya riziki yao, kuendelea kuvua ndani ya maili 12 za baharini kila upande wa mpaka. Aliyekiweka kifungu hicho alijua dago ni nini. Alijua kwamba wavuvi wa Kojani na kwingineko Pemba hufuata pepo za msimu, wakapiga kambi Vanga, Shimoni na kwingine kwenye pwani ya Kenya, wakakaa miezi, wengine wakaoa hukohuko, kisha wakarudi. Hapo ujuzi wa maisha ya watu uligeuka kuwa sharti la mkataba baina ya mataifa mawili. Lau kifungu hicho kisingekuwamo, kila msimu wa dago ungekuwa kesi ya kuvuka mpaka. Katika miaka ya karibuni watafiti wa ukanda huu, baadhi yao wakifadhiliwa na jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya Magharibi ya Bahari ya Hindi yenye makao yake hapa Unguja, wameufanyia kazi uhamaji huo wa wavuvi, na mijadala ya namna ya kusimamia uvuvi wa mpakani ina pa kuanzia.

Mfano wa pili upo chini ya maji. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unaipa nchi ya pwani ukanda wa kiuchumi wa maili 200 za baharini. Anayetaka haki juu ya sakafu ya bahari zaidi ya hapo lazima athibitishe kwamba sakafu hiyo ni mwendelezo wa ardhi yake. Njia mojawapo ya kuthibitisha ni kupima unene wa mashapo, yaani tope na mchanga uliotuama chini ya bahari: pale ambapo unene wake ni angalau asilimia 1 ya umbali kutoka hapo hadi chini ya mteremko wa bara, yaani pale ardhi ya bara inapomaliza kushuka chini ya maji, dai linasimama. Ushahidi hupelekwa mbele ya kamisheni ya wataalamu 21 wa jiolojia, jiofizikia na upimaji wa bahari, na Tanzania iliwasilisha wake Januari 2012. Hebu tulitazame jambo hili vizuri. Mipaka ya dola, ambayo zamani iliwekwa kwa mizinga, hapa inategemea mtu aliyesomea namna ya kusoma mwangwi wa mawimbi ya sauti kutoka kwenye tope. Mtu huyo hapatikani kwa tangazo la kazi la wiki mbili. Ama umemsomesha, ama unamkodi.

Kuhusu watu niseme kwa ufupi, maana hili linajulikana. Salim Ahmed Salim, mtoto wa Visiwani, alipokuwa balozi wetu Umoja wa Mataifa alipata shahada ya uzamili ya mambo ya kimataifa katika Chuo Kikuu cha Columbia, na baadaye, akiwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ndipo umoja huo ulipoanzisha mwaka 1993 chombo chake cha kuzuia na kutatua migogoro. Chuo cha Diplomasia cha Kurasini kilianzishwa mwaka 1978 na Tanzania pamoja na Msumbiji. Kusomesha wanadiplomasia nako ni njia ya utafiti kuingia serikalini, pengine pana kuliko zote, kwa kuwa anayekaa mezani hubeba alichofundishwa hata kama hakumbuki alikipata wapi.

Msumbiji inanirudisha kwenye upande wa usalama, na hapa mambo si mepesi. Tarehe 5 Oktoba 2017 kundi la vijana lilivamia vituo vya polisi Mocímboa da Praia, katika jimbo la Cabo Delgado, ambalo mji wake mkuu nao unaitwa Pemba. Mwanzoni wakuu waliwaita wahalifu wa kawaida. Mwaka 2019 watafiti watatu wa Maputo, Saide Habibe, Salvador Forquilha na João Pereira, walichapisha uchunguzi wao uliotokana na mahojiano na watu wa huko, na mwaka uliofuata Eric Morier-Genoud wa Queen's University Belfast akachapisha wake. Wote walionesha kwamba mgogoro ulikuwa umekwishachipua miaka mingi kabla ya risasi ya kwanza: vijana waliojitenga na misikiti ya wazee wao, waliofungua ya kwao, waliogombana na masheikh. Viongozi wa dini wa huko walikuwa wamekwishatoa tahadhari. Yaliyofuata tunayajua. Oktoba 2020 moto huo ulivuka Mto Ruvuma hadi kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara, Machi 2021 Palma ikashambuliwa, na Julai mwaka huohuo majeshi ya Rwanda na ya nchi za Kusini mwa Afrika yakaingia.

Sidai kwamba kitabu kingezuia vita. Ninachosema ni kwamba ujuzi wa nani anagombana na nani, katika msikiti gani na kwa sababu gani, haupatikani kwa setilaiti. Unahitaji mtu anayeweza kukaa barazani na mzee wa Kimwani akamwelewa. Kimwani, lugha ya pwani ya Cabo Delgado, na Kiswahili ni jamaa wa karibu, na watu wa mwambao wetu wamekwenda na kurudi huko kwa vizazi. Ni ajabu kwamba tafiti za ukanda huo zinazosomwa na mabalozi zinatoka Maputo, Belfast na Pretoria, wakati sisi tunaojua salamu zao tumejishughulisha na mambo mengine.

Pana sababu moja ya haki inayowafanya watu wasimwamini mtafiti wa masuala ya usalama. Mwaka 1964 Jeshi la Marekani lilianza kugharimia mradi ulioitwa Camelot, ulioendeshwa na ofisi iliyokuwa chini ya American University ya Washington, kwa lengo la kuchunguza mambo yanayoleta maasi katika nchi za watu. Wasomi wa Chile walipogundua anayelipa ni nani, pakazuka kelele, na mradi ukafutwa Julai 1965. Anayekwenda kwenye shehia yoyote ya Pemba na dodoso lenye maswali ya dini, siasa au silaha atakutana na swali lile lile waliloliuliza Wachile. Barua ya kibali atamwonesha sheha, sheha ataisoma, ataikunja, kisha atamuuliza taratibu: ‘Na majibu haya, mwanangu, yanakwenda wapi?’ Ni swali la kitaalamu kuliko mengi yaliyomo ndani ya dodoso.

Kwetu sisi swali hilo lina uzito wa ziada kwa sababu ya muundo wa Muungano. Mambo ya nchi za nje, ulinzi na usalama, elimu ya juu na hata utafiti vimo katika orodha ya mambo ya Muungano. Msomi wa Zanzibar hana wizara ya mambo ya nje ya kwake ya kubisha hodi. Wapo wanaolitumia hili kuwa udhuru wa kutofanya lolote. Binafsi nalitazama kinyume: kwa kuwa hatukai mezani kwa jina letu, kinachoweza kutuwakilisha ni takwimu zetu. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo hapa Unguja tangu 1978. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kipo. Mamlaka ya uvuvi wa bahari kuu, ambayo ni ya pande zote mbili za Muungano, makao yake yapo Zanzibar.

Na kazi ipo. Kamisheni ya Jodari wa Bahari ya Hindi, yenye makao Shelisheli, kwa zaidi ya muongo mmoja imekuwa ikijadili namna ya kugawana samaki hao baina ya mataifa. Ubishi mkubwa ni wa historia ya uvuvi: jodari waliovuliwa na meli za mbali ndani ya bahari ya nchi ya pwani wahesabiwe kuwa ni wa nani, wa mwenye meli au wa mwenye bahari? Nchi za pwani zinasema ni wa mwenye bahari. Katika mabishano hayo, nchi inayosema watu wake wamevua jodari tangu enzi na enzi itaombwa ioneshe imeandika wapi. Samaki wanaoshushwa Tumbe na Mkoani asubuhi huandikwa na bwana diko, msimamizi wa diko, yaani mahali samaki wanaposhushwa, wengine kwa uzito, wengine kwa idadi, wengine kwa jina la kienyeji ambalo mtaalamu wa Shelisheli hawezi kulioanisha na aina anayoijua. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada mwaka huu anaweza kuanzia hapo: akusanye madaftari ya madiko ya Pemba ya miaka yote yanayopatikana, alinganishe majina, ageuze idadi kuwa uzito kwa njia inayokubalika, na achapishe kabla ya wajumbe kurudi mezani kugawana.