Aliyeshikwa mikono kule Kolo

Shangazi hakutaka kupanda. Kilima cha Mungomi, penye michoro ya kale ya miambani huko Kondoa, kina mwinuko, jua la saa sita lilishayapasha mawe, na yeye alikuwa na kandambili. Lakini basi la Babati lilikuwa bado, nikamlainisha, tukalipa kiingilio pale Kolo na bodaboda zikatufikisha chini ya mlima.

Mwamba wenyewe umejaa: twiga, pofu, watu wembamba mno, wote kwa rangi nyekundu, na juu yao michoro myeupe ya watu waliokuja baadaye. Mwongozaji alitusimamisha mbele ya watu watano. Wa katikati ni mwanamke. Wawili kushoto wameshika mkono wake mmoja, wawili kulia wameushika mwingine, na hao wa kulia vichwa vyao ni kama vimevishwa vinyago.

“Huyu anatekwa,” kijana huyo mwongozaji alisema. “Wa kushoto ndugu zake, wanamgombania.” Ndivyo alivyouelewa mchoro huo Mary Leakey, mwanaakiolojia aliyenakili michoro ya Kondoa mwaka 1951. Nami nikaiona hofu papo hapo, kwenye mchoro ambao hauna hata nyuso!

Shangazi alisogea, mtandio mdomoni.

“Anatekwa vipi na wala hajikukurushi? Mwanangu, huyo kapandisha mashetani. Wanamshika asianguke.”

Kijana akacheka, kisha akakiri kwamba wapo watafiti wanaoelekea hukohuko: wanaihusisha michoro hii na simbo, ngoma ya Wasandawe, ambayo mchezaji hupandwa na kujihisi amekuwa simba. Akatuambia pia kuwa Warangi, wenyeji wa hapo, bado hupanda kilimani kufanya tambiko, kuomba mvua au kumwombea mgonjwa. Nikautazama mchoro upya. Kweli, hapakuwa na purukushani. Ile miili mirefu kupita kiasi, ambayo mwanzo niliiona ya kutisha, sasa ilifanana na mwili unavyojihisi ngoma ikishakolea. Hapo Shangazi alinishinda.

Kwenye basi nilibaki na hoja moja: vinyago. Kama ni kumzuia mtu asianguke, kwa nini wawili wavae vinyago?

“Mganga huwa anakuja kazini na nguo za nyumbani?” aliniuliza.

Tukabishana mpaka Bereko. Hapo simu yake ikaita, mchele wa harusi ulikuwa haujafika, na hakuna aliyeutaja tena mchoro.