Majina ya Wajukuu kwenye Televisheni ya Chogo

Juzi binti yangu aliniuliza kwa nini maandishi ya taarifa ya habari hayafiki ukingoni mwa kioo ilhali nafasi ipo. Nilimjibu kwa kifupi kwamba ni desturi iliyorithiwa kutoka televisheni za chogo, naye akaridhika. Mimi nikabaki na Desemba ya mwaka 2007, studio yetu ya video karibu na mnara wa saa wa Moshi, na bibi mmoja kutoka Machame.

Mzee mwenye sherehe, mwanawe bibi huyo, alikuwa ametuletea mikanda ya kipaimara pamoja na majina ya wanafamilia yaliyokwisha kupambwa kwenye kompyuta na ndugu yao wa Dar es Salaam. Kwenye kompyuta yalipendeza kweli: herufi nyembamba nyekundu juu ya bluu, kistari kuyazunguka, na orodha ya wajukuu ikijaza picha yote. Fundi mkuu hakusema neno. Aliyachoma kwenye diski kama yalivyo, akawasha televisheni ya chogo tuliyoiweka kwa kazi hiyo tu, kisha akamsogezea bibi kiti.

Bibi alitazama kwa muda mrefu, akaniuliza, "Mwanangu, mbona huyu wa mwisho hana jina? Na huo mstari unatetemekea nini?"

Alikuwa ameona yote. Televisheni ile ilificha kingo za picha, kwa hiyo mjukuu wa mwisho alikuwa amemezwa na fremu ya plastiki. Kistari kilitetemeka kwa sababu picha ya PAL, mfumo wa televisheni tuliotumia, huchorwa kwa zamu, mistari ya witiri kisha ya shufwa, na kitu chenye unene wa mstari mmoja huonekana katika zamu moja tu, mara 25 kwa sekunde. Wekundu ulivuja nje ya herufi, na duara la nembo ya kanisa lilikuwa limetanuka, kwani pikseli za televisheni, yaani nukta zinazounda picha, hazina umbo la mraba kama zile za kompyuta.

Niliyatengeneza upya bibi akiwa amekaa pale pale. Nilichora kwa pikseli 768 kwa 576, kisha nikaibana picha kuwa 720 kwa 576 ili duara lirudi kuwa duara. Nikaacha asilimia 10 kila upande bila maandishi. Nikanenepesha herufi na kuzifanya nyeupe isiyokolea sana. Tulipowasha tena, bibi aliyasoma majina kwa sauti, moja baada ya jingine, akisimama kidogo kwenye kila jina kama anayehakikisha kwamba mwenye jina yupo. Hakuna kazi ya kioo niliyoifanya baadaye ambayo imenifurahisha kama ile.

Kubana video ndiko kulikokuwa kugumu zaidi. Mzee alitaka ibada na sherehe, takriban saa tatu, ziingie katika diski moja ya GB 4.7, bila kukatwa chochote. Hesabu hiyo huacha wastani wa megabiti 3.4 hivi za data kwa sekunde, sauti ikiwemo, wakati DVD huruhusu picha peke yake kufikia 9.8. Mchungaji aliyesimama mimbarini anahitaji kidogo, kwa kuwa picha moja inafanana na inayofuata. Kwaya inayoyumba na vitenge vyake, nyuma yake migomba ikipigwa na upepo, hula kila biti inayopewa, na ikinyimwa picha hugeuka miraba kama vigae. Niliiacha kompyuta ipite mara mbili, kwanza kupima na kisha kubana, nikainyima mimbari ili kwaya ipate.

Kwaya ilitoka safi. Katika mahubiri, kivuli kwenye ukuta nyuma ya mchungaji kilikuwa na mabaka hafifu ambayo mtu asiyeyatafuta huenda asiyaone. Mzee alitazama hadi mwisho, akalipa, akashukuru. Sikumwuliza kabla ni kipi kati ya neno na wimbo alichotaka kipewe zaidi, na hadi leo sina hakika kama uamuzi huo ulikuwa wa fundi au wa mwenye sherehe.