Siku moja na mimi katika nyumba ya wanaoacha

Watu wakisikia nafanya kazi kwenye nyumba ya Kikristo ya walioamua kuacha unga (heroini) na pombe, hudhani kutwa nakemea mapepo. Nikiwaambia kwamba ndoo naishika mara nyingi kuliko Biblia, wanacheka. Sitanii. Nami nilipita humu humu, upande wa wanaolala chini na kutapika, ndiyo maana baadaye niliitwa nirudi nikiwa na funguo. Niwapitishe basi katika siku yangu ya jana. Majina sitaji, na mambo machache nimeyageuza ili mtu asitambulike.

Saa 10:45 alfajiri. Mwenzangu wa zamu ya usiku ananikabidhi daftari: nani kalala, nani kazunguka ukumbini, nani kaharisha. Chumba cha mwisho yupo mgeni wa unga, siku ya pili. Arosto ya unga, yale mateso ya mwili kukosa ulichozoea, huanza kati ya saa 8 na 24 tangu mtu atumie mara ya mwisho, na siku ya pili na ya tatu ndizo huwa kali zaidi. Mifupa inauma, pua inachuruzika, tumbo linakata, miguu inajirusha yenyewe na usingizi hauji kabisa. Namkuta amejikunja ukutani, blanketi kalitupa kule. Nabadilisha shuka, naleta ndoo safi, namnywesha maji ya chumvi na sukari, funda kwa funda. Ananiuliza kama anakufa. Namwambia daktari amempima, maji tunampa, na haya ni mateso yenye mwisho. Hajaniomba nimwombee, nami simsukumi. Nakaa naye mpaka miguu inatulia kidogo.

Saa 12:00 asubuhi. Ibada. Tulifika Yohana 11, Lazaro anatoka kaburini amefungwa sanda miguu na mikono. Mmoja wa wakazi, mtu wa maneno machache sana, akauliza: "Aliyemfufua maiti wa siku nne alishindwa nini kumfungua na vitambaa? Mbona kawaambia watu, 'Mfungueni, mkamwache aende zake'?" Mchungaji wetu akatabasamu tu. Yule jamaa akajijibu mwenyewe: "Kumbe nyingine katuachia sisi." Nimesoma mkataba wangu wa ajira mara nyingi na hauelezi kazi yangu vizuri hivyo. Sanda, kwa taarifa yenu, inanuka. Anayeifungua hawezi kukwepa hilo.

Kuanzia saa 1 hadi saa 4 ni usafi, kifungua kinywa, kugawa dawa, kuhesabu vidonge mbele ya shahidi, kuwasindikiza wa methadoni, dawa wanayokunywa badala ya unga, kituoni na kuwarudisha.

Saa 4:50. Mjomba akafika.

Alikuja na dada yake, mama wa kijana wetu mmoja. Mzee wa kanisa, suti, Biblia kubwa yenye zipu. "Shikamoo mzee wangu." "Marahaba. Nimekuja kumchukua kijana." Nikadhani anamaanisha matembezi. Hapana, anamaanisha jumla. Kijana mwenyewe ndiyo kwanza arosto imemtoka: anakula, anacheka, mashavu yameanza kurudi. Wiki hii ndiyo inayodanganya familia kuliko zote. Walimleta mgonjwa, sasa wanamwona mtu.

"Tazama alivyonawiri! Ameombewa, minyororo imekatika. Jumapili tuna mkutano mkubwa, nimeshamweka kwenye ratiba atoe ushuhuda."

Nikamkaribisha kiti, nikaanza taratibu. Kwamba mwili kutulia ni hatua ya kwanza, na kichwa bado hakijatulia. Kwamba mwili wake sasa umeusahau unga, na kipimo alichozoea kutumia zamani akakaa wima, leo kinaweza kumkata pumzi. Kwamba wiki za mwanzo baada ya mtu kutoka nyumba kama hii, au kutoka gerezani, ni za hatari mno kwa sababu hiyo hiyo. Mama alikuwa ananiangalia mdomo. Mjomba alikuwa anaangalia saa.

"Kwa hiyo unamtabiria mauti mtoto wa dada yangu?"

"Hapana mzee. Namkinga nayo."

"Damu ya Yesu haitoshi?"

Swali hili nimeulizwa sana na bado linaniudhi kama jipya. Anayeliuliza huwa ameshajiweka upande wa imani na mimi kaniweka upande wa mashaka, wakati mimi ndiye niliyevutwa na hiyo damu kutoka mahali ambapo yeye hajawahi hata kupita kwa miguu. Nikameza mate. Nikamkumbusha kipofu wa Bethsaida, Marko 8: Yesu alimwekea mikono, akaona watu kama miti inayotembea, akawekewa mikono tena ndipo akaona sawasawa. Bwana mwenyewe, mara mbili, na hakuona aibu kumwuliza mgonjwa anaona nini katikati ya matibabu.

"Hiyo ni tofauti," akasema. Tofauti gani, hakufafanua.

Wakati huo huo langoni kuna mwanamke kamleta mumewe. Nikawaona kupitia dirishani: mume anatetemeka hadi kikombe cha maji kinagonga meno. Nikaomba radhi nikatoka. Mnywaji wa miaka mingi, tone la mwisho jana asubuhi. Hapo hakuna mjadala. Unga ukiuacha unateseka, lakini pombe ukiiacha ghafla baada ya kuizoea hivyo inaweza kukuua: degedege huja ndani ya siku mbili za mwanzo, na baada yake kuna kuchanganyikiwa, homa, kuona wadudu ukutani. Nyumba yetu haina daktari wa kulala. Nikampigia dereva, nikaandika barua ya rufaa, nikamtoa mmoja wetu awasindikize hospitali. Mke akadhani tumewafukuza. Ilibidi nishike mkono wake nimwambie kitanda cha mumewe kipo, kinamsubiri, hospitali wakimruhusu tu aletwe hapa hapa.

Narudi ndani, mjomba keshasogea ubaoni anasoma ratiba yetu. "Wa methadoni. Hii methadoni si dawa ya kulevya? Mnawatoa shimo hili mnawatumbukiza lile."

Nikaeleza tena. Kwamba inakaa mwilini zaidi ya siku moja, hivyo mtu anakunywa dozi moja mbele ya muuguzi na kwenda zake, halewi, arosto haimfukuzi tena mitaani kuiba. Kwamba Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Kwamba tunao wanaume wanaoinywa ambao sasa wanalea watoto wao na kufunga na kuomba kutuzidi sisi. Mzee akasikiliza huku anatoa kidonge cha presha mfukoni na kukisindikiza na maji yetu. Sikumwuliza kama kile ni upungufu wa imani. Nilitamani sana.

Ikafika saa 6 na nusu. Tulikuwa tumeshazunguka hoja zile zile hadi nikaanza kuzijua kwa zamu. Mkutano umetangazwa. Askofu atakuwepo. Jina limeshachapwa. Watu wahimizwe. Hapo nikaelewa kwamba yule mzee hakuwa mbaya. Alikuwa amebeba aibu ya familia muda mrefu na sasa kaona mahali pa kuitulia, mbele ya watu, kwa makofi. Nikamwonea huruma, ila huruma yangu haikunipunguzia njaa. Nikasema tumwite kijana mwenyewe, ni mtu mzima.

Kijana akaja, akamsalimia mjomba wake, akasimama. Hakukaa.

"Mjomba, usiku wa juzi nimeota unga. Nimenusa kabisa, nikaamka shuka limelowa jasho. Jumapili nikisimama pale wakanipigia makofi, halafu Jumatatu nikaanguka, nitarudi kwa nani?"

Mjomba akafungua mdomo. Mama, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno, akatangulia: "Anabaki." Akainuka, akamshika mwanawe kichwa kwa mikono miwili, akaenda zake garini. Mzee akanilalamikia ratiba kwa dakika kumi zaidi.

Chakula cha mchana nilikila nimesimama, kimepoa.

Alasiri, saa sikumbuki vizuri. Kikao cha kundi. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba niliacha somo nililoandaa, nikawasimulia kisa cha Akron, Ohio, mwaka 1935. Bill Wilson, mlevi aliyeacha miezi michache tu, yuko hotelini, biashara imemharibikia, anasikia kelele za baa. Badala ya kuingia, akaenda kwenye simu na orodha ya makanisa ya mji, akaanza kupiga. Hakuwa anatafuta wa kumhubiria. Alitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, maana alijua bila hivyo atakunywa. Akaunganishwa na daktari mmoja mlevi, Bob Smith, na kutoka kwa hao wawili zikatoka zile hatua 12 za kuacha pombe, za kundi la Alcoholics Anonymous (AA), zinazotumika hadi leo. Hatua ya kwanza ni kukiri huna nguvu.

"Sasa ukikiri huna nguvu, unaacha kwa nguvu gani?" akauliza mmoja, kwa ubishi. Ni swali zuri, nikawaachia wao. Wakavutana. Mwingine akasema yeye aliahidi kuacha kwa kaburi la baba yake, kwa watoto, kwa mkewe, na kila ahadi aliivunja. Aliposhikilia ni siku aliyoacha kuahidi akaomba asubuhi moja tu. Mwingine hamwamini Mungu bado, anasema hivyo waziwazi, na hakuna anayemkaripia. Mtu akaniuliza mimi uzima mpya nilijuaje umekuja. Nilisema kweli: hakukuwa na mwanga wala sauti. Kuna asubuhi niligundua nimeoga bila kuambiwa. Wakacheka, kisha wawili watatu wakaacha kucheka.

Baada ya hapo kila kitu kinaingiliana. Bomba la choo limeziba. Wawili wamegombania kitanda. Habari kutoka hospitali: yule wa pombe amelazwa, wamemwekea dripu, mkewe katulia. Mgeni wa chumba cha mwisho kakubali vijiko vitano vya chakula na vimekaa tumboni, tukashangilia jikoni kama tumeshinda kombe. Giza lilikuwa limeingia simu ilipolia, mkazi wetu wa zamani. Ameteleza. Sauti nzito, anarudia rudia samahani. Nikamwuliza mambo matatu: uko wapi, uko na nani, umetumia nini. Alikuwa kwa kaka yake, si peke yake, hapo nikapumua. Nikamwambia asilale akiwa amefungiwa chumbani, kaka amwangalie anavyohema, na asubuhi aje. "Mtanipokea?" Nikamwambia langoni tunafungua saa 1. Kuna watu wanaona huko ni kuwaendekeza. Mimi nasema neema iliyokuja kwangu mara ya kwanza tu isingefika mbali, maana na mimi nilikuwa mtu wa kurudi rudi.

Sala yangu ya usiku ilikuwa: Bwana, nimechoka, hawa ni wako. Amina.

Nikiwa navua viatu, ujumbe wa mjomba ukaingia. Ameliwaza jambo. Kijana abaki, sawa, ila je, hawezi kurekodi ushuhuda kwa sauti tu, dakika tano, wakauchezesha kanisani Jumapili? Nikamjibu: Hapana mzee wangu, ubarikiwe sana.

Akapiga.