Lile neno "tu"

Siku ya nne leo na bado limenikaa kooni. Jumatatu kijana wetu mpya kazini, mwenye shahada ya sayansi ya kompyuta, alivuta kiti akaniuliza kwa adabu kabisa, "Dada, hii kazi ya kuandika programu uliisomea wapi?"

Nikamjibu, "Nilijifunza tu."

Tu! Hakuna aliyenitilia mdomoni. Kijana hakuuliza kwa dharau, wala sina kinyongo naye. Ila kila nikifumba macho naisikia sauti yangu ikilitamka, nyepesi, kama ya mtu anayeomba radhi. Miaka mitatu ya kuamka saa kumi alfajiri kabla watoto hawajaamka, kuandika msimbo, kuufuta, kuuandika upya, kusoma maelezo ya Python, lugha ya kuandikia programu, mstari kwa mstari, yote nikaifungia ndani ya herufi mbili.

Kisha akataja mshahara wake wa kuanzia. Unakaribia wangu wa mwaka wa tano. Ndipo nikaikumbuka siku ya mkataba wangu. Waliponiuliza nataka kiasi gani nilisema, "Mtakachoona kinafaa, mimi nimejifunza tu." Neno lile lile. Na nyongeza huhesabiwa kwa asilimia, kwa hiyo aliyeanzia chini huzidi kuachwa hata mkiongezwa asilimia sawa. Nimelilipia neno hilo kila mwisho wa mwezi.

Wiki yenyewe haikuwa ndogo: tumehamishia mfumo wote kwenye seva mpya, na mdogo wangu amejifungua salama mtoto wa kike. Lakini usiku mimi nilikuwa natunga majibu. Ningemwambia kwamba Grace Hopper, mmoja wa waanzilishi wa uandishi wa programu za kompyuta, alikuwa mwalimu wa hisabati kabla hajagusa kompyuta. Ningemwambia shahada ya Margaret Hamilton, aliyeongoza kikosi kilichoandika programu za vyombo vya Apollo vilivyokwenda mwezini, ilikuwa ya hisabati. Ningemwambia kwamba katika dodoso la mwaka 2016 la Stack Overflow, tovuti ambako wanaprogramu huulizana maswali, asilimia 69 ya wanaprogramu walisema wamejifunza wenyewe, angalau kwa sehemu. Sikumwambia hata moja.

Jana nikamkuta ameinamia kompyuta tangu asubuhi. Jumla ya ankara ilikuwa inapungua senti moja, si kila mara, mara nyingine tu. Nikamwomba aandike 0.1 + 0.2 aone. Ikatoka 0.30000000000000004. Akajipiga paji la uso. Darasani walifundishwa, na mtihani wake aliufaulu: kompyuta huandika sehemu kwa msingi wa mbili, na humo 0.1 haina mwisho, kama theluthi isivyokwisha ukiiandika kwa desimali. Hakudhani tu kwamba ingemvizia kwenye ankara. Nikamwambia pesa tuzihifadhi kwa senti, namba nzima, basi.

"Umeijuaje haraka hivyo, dada?"

"Nilitunza vitabu vya hesabu miaka sita. Senti ikipotea, hatuondoki ofisini."

Akataka kujua zaidi. Nikamwonyesha ile mbinu yetu ya tisa: hesabu mbili zikikataa kulingana, chukua tofauti uigawe kwa tisa. Ikigawanyika bila baki, tafuta kwanza tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Mtu ameandika 450 badala ya 540, tofauti 90. Akajaribu na namba zake mwenyewe, mara tatu, kisha akaiandika kwenye daftari lake na kuipigia mstari.

Nilikuwa nimeshafika nyumbani ndipo nilipogundua kwamba jibu langu la jana halikuwa na "tu". Nilifurahi mpaka nikasimama mlangoni na ufunguo mkononi. Kikao cha mishahara ni mwezi ujao, na kiasi ninachotaka nimeshakiandika.

Mama amepiga simu mara mbili leo. Mara zote mbili ameniuliza mtoto amepewa jina gani, na jina ni lake yeye.