NiMH au LiPo kwa gari la rimoti?

Kabla ya kununua betri, iwe NiMH (ya nikeli) au LiPo (ya lithiamu), soma kwanza kidhibiti mwendo, kile kiboksi chenye nyaya zinazokwenda kwenye mota. Kama hakina mpangilio wa LiPo, yaani wa kukata umeme volti zikishuka, baki na NiMH. LiPo ikishuka chini ya volti 3 kwa seli huharibika, na ukiichaji tena inaweza kuvimba, hata kushika moto.

NiMH ya seli 6 ina volti 7.2. Ni nzito, lakini ni sugu, na kwa gari la mtoto ningechagua hiyo bila kusita. Udhaifu wake ni kwamba gari huanza kulegea mapema. LiPo ya seli 2 (2S) huandikwa volti 7.4, ikijaa hufika 8.4, na kasi haishuki sana mpaka karibu na mwisho.

Namba ya C, inayoonyesha betri inaweza kutoa umeme kwa kasi gani, zidisha kwa ampea-saa: betri ya 5000 mAh (ampea-saa 5) yenye 50C inadai kutoa ampea 250. Inadai tu, maana kwenye lebo hizo chumvi hutiwa nyingi.

Kuchaji LiPo, 1C inatosha: kwa betri hiyo ni ampea 5, kwa chaja ya LiPo. Ile plagi ndogo nyeupe ya kusawazisha seli nayo ichomekwe. Ukiiacha ining'inie, seli moja yaweza kuvuka volti 4.2 huku mwenzake bado ana 4.1. Gari likilala wiki kadhaa, iache kila seli kwenye volti 3.8. Iliyovimba usiitoboe wala kuichaji tena.