Tulivyojifunza Kupokea Wageni Katika Sinagogi Letu Arusha

Watu wengi hapa Arusha wakisikia tunasali Ijumaa jioni na kupumzika Jumamosi, hudhani sisi ni Wasabato. Sisi ni Wayahudi, jumuiya ndogo, na chumba chetu cha sala kiko Njiro. Nilipokabidhiwa kazi ya kupokea wageni, nilikuta desturi moja iliyoniuma sana: mgeni akifika, hata maji hajapewa, anaulizwa, "Wewe ni Myahudi kweli? Mama yako je?" kwa kuwa Uyahudi wa kuzaliwa hufuata mama. Nilimshuhudia binti mmoja Mchaga, aliyeongoka kwa kufuata sheria zote, akijibu maswali hayo amesimama getini, huku Mzungu aliyekuwa nyuma yake akipita bila kuulizwa chochote.

Nilianza na hilo, na nilianza kwa vitabu. Talmudi, mkusanyiko wa mafundisho na sheria za marabi wa kale, inakataza kumkumbusha mwongofu alikotoka. Tena Maimonides, mwalimu mkubwa wa sheria za Kiyahudi aliyefariki mwaka 1204, aliwahi kuulizwa na mwongofu aitwaye Obadia kama anaruhusiwa kusema "Mungu wa baba zetu" anaposali. Alimjibu aseme vilevile bila kubadilisha kitu, kwa kuwa Ibrahimu ni baba wa kila anayeifuata njia yake. Tuliisoma barua hiyo Sabato baada ya Sabato, mpaka wazee wenyewe wakawa wanaitaja. Siku hizi mgeni anaambiwa, "Karibu, ukae hapa na sisi."

Mlinzi yupo, na lazima awepo. Mgeni mpya hutuma ujumbe WhatsApp mapema, tunaongea naye, jina lake linapelekwa getini. Mifuko inakaguliwa ya wote, mwenyeji na mgeni, mweusi na mweupe. Hapo sikubali mjadala.

Ndani, kikwazo kilikuwa kitabu cha sala. Mtu anapewa Sidur ya Kiebrania, anaishika kichwa chini miguu juu, anaona aibu, harudi tena. Tukaandaa karatasi za safu tatu: Kiebrania, matamshi kwa herufi zetu, na maana kwa Kiswahili. "Baruku ata Adonai", yaani "Umebarikiwa wewe, Bwana", mtu anaisoma siku ya kwanza, tena kwa sauti. Kisha tukapanga kila mgeni akae karibu na mwenyeji anayemfungulia ukurasa na kumgusa bega wakati wa kusimama.

Chakula nacho kina mambo yake. Sabato hatupiki, na jua hapa huzama kabla ya saa 1 jioni mwaka mzima, kwa hiyo kila kitu kinaiva mchana na kuingia kwenye hotipoti: wali, maharage, mchicha wa nazi. Nyama tumeiacha, maana haichanganywi na maziwa na hatuna mchinjaji wa kufuata sheria yetu. Samaki ni sato au perege, wana mapezi na magamba kama Torati inavyotaka, kambale hana magamba, hapiti. Wanaokaa mbali, wasiopanda gari Sabato, hulala kwa wenzao wa jirani. Orodha ya vitanda ninayo mimi.

Palipotutesa ni minyani, wale watu wazima kumi wanaohitajika ili Kadishi, sala ya kumsifu Mungu ambayo wafiwa huisema, isemwe. Kwa Wayahudi wa Kiorthodoksi, wanaoshika sana desturi za kale, huhesabiwa wanaume tu. Sisi tuliamua kuhesabu wanawake pia, kama wafanyavyo Wareforma na wengi wa Wakonsavativu, matawi mengine ya Wayahudi. Mama aliyefiwa na mumewe, aliyepika na kufagia chumba kile, angewezaje kuambiwa hafai kukamilisha kumi? Mzee mmoja hakukubali mpaka leo. Hatumkatazi wala hatumsimangi. Tukihesabiana yeye hunyamaza, na masomo ya Torati ya Jumamosi anaendelea kuyafundisha kwa vijana wote, wasichana kwa wavulana. Mimi namheshimu sana.

Sasa tunahangaika na ngazi. Torati inasema usiweke kwazo mbele ya kipofu, nasi tuna bibi wa kiti cha magurudumu anayebebwa na vijana kila Ijumaa, na hapendi kubebwa. Fundi ameshapima mteremko. Tunachangishana fedha ya saruji na kokoto, na kazi itaanza mvua za masika zikikatika.